Unashukuru mezani, je, aliyepika umemwona?

HEBU nikuulize swali dogo, msomaji, nawe ulijibu bila kumtazama mwenzako. Jana jioni kwenu, sala ya chakula ilisemwa na nani, na alisema nini?

Wengi wetu hatukumbuki. Si kwamba sala haikusemwa. Ilisemwa, tena kwa kasi ya matatu inayokimbilia abiria wa mwisho. Macho yalifumbwa, mtoto mmoja akafumba jicho moja tu ili lile jingine lilinde kipande chake cha nyama, "amina" ikaitikiwa kabla mwombaji hajafika alikokuwa akienda, na vijiko vikaanza kazi. Ndivyo mambo yalivyo katika nyumba nyingi za Wakristo hapa mjini, kuanzia vyumba vya kupanga vya Kayole hadi majumba yenye ua wa mawe kule Karen.

Na bado sala hiyo fupi ndiyo sala pekee ambayo familia nyingi husali pamoja kutoka Jumatatu hadi Jumamosi. Basi ukitaka kujua imani ya nyumba fulani imefikia wapi, usiende kuwatazama kanisani Jumapili wakiwa na nguo zilizopigwa pasi. Kaa nao mezani siku ya Jumatano, tarehe ishirini na saba, mshahara ukiwa umekwisha na stima imepotea.

Haya nayasema kama mkosaji, wala si kama mwalimu.

Kwa miaka mingi nilikuwa baba ajuaye kuomba. Kanisani nilikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani hakuna aliyethubutu kugusa sahani kabla sijamaliza. Nilimshukuru Mungu kwa uhai, kwa kazi, kwa paa juu ya vichwa vyetu, kwa watoto, kwa taifa, hata kwa mvua za mashambani, hadi mchuzi ukafanya utando juu. Mama watoto husimama akinisubiri kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi. Sikumbuki hata mara moja nikimtaja.

Kisha mwaka wa 2012 nikapunguzwa kazini. Kampuni niliyoitumikia kwa miaka kumi na minne ilituita ofisini mmoja mmoja siku ya Ijumaa, na kufikia saa nane mchana nilikuwa nje ya lango nimeshika bahasha ya kaki na kikombe changu cha chai. Pesa za mwisho zilimezwa na karo na kodi ya nyumba. Zilipokwisha, mke wangu, bila kuniuliza, akaanza kuamka saa kumi za alfajiri kukanda unga. Saa kumi na mbili alikuwa tayari kwenye kona iliyo karibu na kituo cha matatu, ana beseni la mandazi na chupa mbili kubwa za chai. Jioni alichemsha githeri ya kuuza. Hatukulala njaa hata usiku mmoja.

Nami, msomaji, nikanyamaza mezani.

Siku ya kwanza nilijifanya naumwa na kichwa. Siku ya pili nilichelewa kurudi makusudi. Baada ya majuma mawili hakuna aliyeningoja tena. Binti yetu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka minane, akaishika zamu yangu. Sala yake ilikuwa fupi. Alimshukuru Mungu kwa sababu mandazi yote yalinunuliwa. Akamshukuru kwa sababu mkono wa mama ulioungua na mafuta ulikuwa umeanza kupona. Halafu akaomba baba apate kazi, na kama kazi haipo, basi apate usingizi. Amina.

Nilikaa pale na kijiko mkononi, sikijui cha kukifanyia. Kumbe miaka yote ile sikuwa nikimshukuru Mungu! Nilikuwa nikiishukuru hati yangu ya mshahara, na jina la Mungu nalitia kama sahihi ya chini. Chakula kilipoanza kutoka katika mikono ya mtu mwingine, tena mwanamke, tena mke wangu mwenyewe, shukrani zangu zilikauka kama kisima cha Januari. Wahenga walisema asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru. Mimi nilikuwa wa aina nyingine, asiyeweza kushukuru kwa kitu ambacho hakukileta yeye.

Mkate na shukrani

Tangu wakati huo nimekuwa nikisoma na kuuliza-uliza juu ya jambo hili, na nimegundua kwamba shukrani na chakula ni ndugu wa tumbo moja tangu zamani. Wakatoliki na Waanglikana huiita ibada ya mkate na divai Ekaristi. Neno hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Mgiriki wa leo akipokea chenji yake dukani husema efharisto, ndilo neno lilo hilo. Kwa hiyo kiini cha ibada yenyewe ya Kikristo ni watu walioketi kwenye chakula wakishukuru. Na kumbuka ilikuwa ni usiku wa namna gani. Yesu aliutwaa mkate akashukuru huku akijua kwamba mmoja wa wale waliokula naye alikuwa amekwisha kupatana bei na maadui zake. Haikuwa karamu ya watu ambao mambo yamewanyokea.

Wayahudi nao wana desturi ambayo sisi tumeiacha. Kabla ya kula husema baraka fupi, lakini sala yao ndefu ya shukrani huja baada ya mlo, watu wakiwa wameshiba. Msingi wake umo katika sura ya nane ya Kumbukumbu la Torati. Isome ukipata nafasi. Musa anawaonya Waisraeli kwamba hatari ya kumsahau Mungu haiko jangwani penye njaa, iko katika nchi ya neema, mtu akiwa ameshiba, amejenga nyumba nzuri, na ng'ombe wake wameongezeka. Hapo ndipo ataanza kujiambia moyoni kwamba nguvu zake mwenyewe ndizo zilizompatia utajiri huo. Niliposoma mstari huo nilihisi kana kwamba mtu amekuwa akitusikiliza mezani kwetu. Sisi tumeiweka sala mbele ya chakula, na tukishiba mbio ni za kwenye televisheni.

Wala usidhani kwamba babu zetu walifundishwa kushukuru na wamishonari. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyekuwa kasisi wa Kianglikana na msomi mashuhuri, alikusanya sala za kimila kutoka pembe nyingi za Afrika na kuzichapisha katika kitabu mwaka wa 1975. Humo mna watu wakimwomba na kumshukuru Mungu kwa mvua, kwa mtoto aliyezaliwa, kwa mavuno, kwa safari iliyokwenda salama. Mambo ya nyumbani kabisa. Nyanya yangu mwenyewe, aliyebatizwa akiwa mtu mzima, hakuonja maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa kabla hajasimama mlangoni na kusema maneno machache akitazama mlimani. Tulipomuuliza kama hiyo ni dini ya zamani au ya sasa, alitujibu kwamba ng'ombe ni yule yule.

Mke asiyesema amina

Kuna mama mmoja wa Kiingereza ambaye humkumbuka kila ninapomsikia mhubiri akitutaka tujenge madhabahu ya familia. Jina lake ni Susanna Wesley. Wamethodisti wa Meru na wale wa Ribe, ambako wamishonari wao walianza kazi mwaka wa 1862, wanamjua kama mama yao wa mbali, kwa kuwa wanawe John na Charles ndio waliolianzisha vuguvugu la Umethodisti. Husifiwa mno katika mikutano ya akina mama. Lakini wanaomsifu husahau kutuambia kwamba nyumba yake ilikuwa na vurugu zake kama nyumba yako na yangu.

Mumewe, Samuel, alikuwa kasisi wa Epworth, mahali pa mashambani katika Lincolnshire. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 1700, akiwa anaongoza sala ya familia, alimwombea Mfalme William wa Tatu. Akagundua kwamba mkewe hakuitikia amina. Alipomuuliza, mama huyo alisema wazi kwamba kwake yeye William hakuwa mfalme halali. Kasisi akaghadhabika, akasema kwamba nyumba yenye wafalme wawili sharti iwe na vitanda viwili, akafunga safari ya London na kumwachia mama watoto. Walipatana mwaka wa 1702, na Juni mwaka uliofuata John akazaliwa. Ama kweli, laiti ugomvi ule wa sala ungalivunja nyumba kabisa, Kanisa la Methodisti huenda lisingalikuwapo!

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu nawajua watu wanaoacha kusali pamoja nyumbani kwa madai kwamba hawawezi kuomba na mtu waliyegombana naye asubuhi. Wewe na huyo mliyegombana asubuhi ndio mnaoihitaji.

Susanna alizaa watoto kumi na tisa, tisa kati yao wakafa wangali wachanga. Mwaka wa 1705 mumewe alitiwa jela kwa ajili ya madeni. Askofu mkuu wa York alipomuuliza kama alipata kukosa chakula, mama huyo alimjibu kwamba, kusema kweli, mkate wenyewe hakuukosa. Lakini alihangaika sana kuupata kabla ya kuula, na kuhangaika tena kuulipia baada ya kuula, hata mara nyingi ukawa mchungu mdomoni.

Msomaji, soma tena jibu hilo polepole. Huyo ni mwanamke mcha Mungu, na hakumdanganya askofu. Alikiri kwamba mkate ulikuwapo, akakiri pia kwamba ulikuwa mchungu. Ukiwa umewahi kununua unga kwa mkopo dukani mwa jirani, na kisha ukawa unapita njia ya nyuma ili usimkute mwenye duka, basi unajua ladha anayoisema.

Na katika nyumba hiyo iliyojaa watoto na madeni, mama huyo alimtengea kila mtoto jioni yake katika juma ya kuzungumza naye peke yake juu ya moyo wake na imani yake. Jumatatu ilikuwa ya huyu, Jumanne ya yule. Alhamisi ilikuwa ya John. Miaka mingi baadaye, John akiwa mtu mzima na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford, alimwandikia mamake akimsihi amkumbuke ile sehemu ndogo ya Alhamisi jioni. Mtu huyo alikuwa amesoma vitabu vingi na kusikia mahubiri mengi. Alichokitamani ni nusu saa ya mama jikoni.

Inasimuliwa vilevile kwamba mama huyo alipotaka kusali na kelele zikamzidi, alijifunika aproni yake kichwani, na watoto wakajua kwamba sasa hapaulizwi kitu. Sisi tunaokaa watu sita katika vyumba viwili tusimcheke. Tumwige, maana leso tunazo.

Kwa upande wa mabaya makubwa zaidi kuliko madeni, yuko Martin Rinkart wa Eilenburg, Ujerumani. Yeye alikuwa mchungaji wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka wa 1618 na kumalizika 1648. Mwaka wa 1637 tauni iliuingia mji wake uliokuwa umefurika wakimbizi, wachungaji wenzake wakafa au wakaondoka, naye akawa anaongoza mazishi ya makumi ya watu kwa siku. Aliwazika zaidi ya watu elfu nne, na mkewe akiwa miongoni mwa waliokufa mwaka huo. Mtu huyu ndiye mtunzi wa wimbo wa shukrani wa Kijerumani, Nun danket alle Gott, ambao huimbwa hadi leo duniani kote katika harusi na sikukuu za mavuno. Wengi waimbao hawajui kwamba katika asili yake haukuwa wimbo wa kanisani. Ulikuwa shukrani ya mezani, aliyowatungia watoto wake.

Kifuniko juu ya sufuria

Lakini ngoja kwanza. Kuna namna ya kushukuru ambayo naichukia, na lazima niiseme.

Kuna waume ambao mke akilalamika kwamba amechoka, humwambia ashukuru ameolewa. Kuna wazazi ambao mtoto akisema anaonewa shuleni, humwambia ashukuru analipiwa karo. Kuna hata wachungaji ambao mama akija na jicho lililovimba, humpa mstari wa shukrani na kumrudisha kwa yule aliyempiga. Hiyo si shukrani, la hasha. Hicho ni kifuniko kilichokandamizwa juu ya sufuria inayochemka, na siku itakapofumuka itawaunguza waliomo ndani. Mama wa namna hiyo asaidiwe kwanza afike mahali salama. Habari za kushukuru atazisema mwenyewe atakapotaka.

Mtume Paulo aliwahimiza Wathesalonike washukuru katika kila hali. Neno alilolitumia la Kigiriki ni lile lenye maana ya "ndani ya". Hakuwataka waipende kila hali wala waiite nzuri. Na kitabu cha Zaburi, ambacho ndicho kitabu cha sala za Wayahudi na Wakristo, kimejaa malalamiko. Zaburi ya 88 huishia gizani, mwombaji akiwa ameachwa na rafiki na jamaa, na hakuna aliyeifuta katika Biblia. Kwa hivyo nyumba inayomshukuru Mungu kikweli sharti iwe ni nyumba ambamo mtu anaweza kusema, "Leo mimi sina la kushukuru," na asikemewe. Binti yetu alimwambia Mungu wazi kwamba baba halali usingizi. Mimi mwenyewe sikuwa nimemwambia mtu.

Wazee wetu wa Uamsho walilijua hili. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Rwanda na Uganda, baada ya Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church kukutana katika kilima cha Namirembe mwaka wa 1929, na ukaingia Kenya mwaka wa 1937. Walioguswa nao, ambao hadi leo husalimiana kwa wimbo wa Tukutendereza, waliitwa ndugu. Wengi huwakumbuka kwa kukiri dhambi hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Lakini jambo lililowashangaza majirani zaidi lilitokea nyumbani. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watoto. Baadhi ya wanaume waliokuwa wakila peke yao, huku mama na watoto wakila jikoni, walianza kuketi na jamaa zao kwenye chakula kimoja. Kwa wengine wa rika lao ilikuwa aibu kubwa, lakini wao waliona hawawezi kusema wametembea nuruni kanisani, kisha nyumbani wakarudi kwenye giza la jikoni kwa watu.

Na hapa nataka niseme na familia za mjini hasa, kwa sababu giza la jikoni bado lipo. Siku hizi aliyepika katika nyumba nyingi za Nairobi si mama wala baba. Ni msichana aliyetoka mashambani, tunayemwita yaya, au "auntie" tukitaka kujifanya wastaarabu. Tunashikana mikono mezani tukamshukuru Mungu kwa chakula, naye yuko jikoni anasubiri tumalize ili ale kilichobaki. Amina yetu anaisikia kupitia ukutani. Je, yeye naye ana mtoto aliyemwachia mamake? Anaitwaje mtoto huyo? Nilipoulizwa swali hilo na mwenzangu katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia, kuhusu msichana aliyekuwa amekaa kwangu miezi saba, nilishindwa kujibu.

Amri ya Sabato katika vitabu vya Kutoka na Kumbukumbu la Torati haimpumzishi mwenye nyumba peke yake. Inawataja kwa wazi mtumwa na mjakazi, hata punda. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 nayo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Yaani Musa na Bunge wamekubaliana, aliyebaki ni wewe. Familia inayokwenda kanisani kutoa shukrani Jumapili huku yaya akibaki anafua, hata ile nafasi ya kwenda kushukuru imemnyima mwenzake.

Nawe mwanafunzi uliye katika hosteli ya chuo, usidhani umesahaulika katika makala haya. Najua huna meza wala familia ya kushikana nayo mikono. Una sahani ya chapati na maharagwe juu ya magoti, na simu mbele yako. Lakini pesa ulizolipia chapati hiyo ziliingia kwenye simu hiyo hiyo, na jina la aliyezituma limeandikwa katika ujumbe wa M-Pesa. Mara ngapi umeujibu? Kijana wetu mkubwa alipokuwa chuoni, simu zake zilikuwa na wimbo mmoja tu, na tuliujua kabla hajafungua kinywa. Siku moja alipiga, mamake akamwuliza ni kiasi gani safari hii. Akasema hataki kitu, ila alikuwa anakula, akakumbuka yale mandazi. Mama watoto alikata simu akaenda kuketi nje kwenye ngazi. Nilimfuata nikidhani pana msiba.

Sisemi kwamba nyumba yetu sasa imekuwa hekalu. Kazi nilipata mwaka wa 2013, yenye mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza, na mke wangu hakuiacha biashara yake. Tulichokibadilisha ni vitu vidogo. Sala ya mezani ina zamu, hata kwa mgeni na mtoto mdogo, na kila anayesali hutaja jambo moja lililotokea siku hiyo hiyo na mtu mmoja aliyelitenda. Hairuhusiwi kusema "kwa kila kitu". Mwanzoni watoto waliona ni mchezo. Kitinda mimba wetu aliwahi kumshukuru Mungu kwa utingo wa matatu aliyemrudishia shilingi tano alizozidisha, na sote tukacheka katikati ya sala. Lakini sala hizo zimetufundisha habari za kwetu ambazo hatukuzijua: nani alimsindikiza nani, nani alimwazima mwenzake kalamu ya mtihani, jirani yupi alileta uji mama alipokuwa na malaria.

Tena siku ambazo narudi saa nne za usiku, msongamano wa magari ukiwa umenila, na watoto wamelala, hatuwaamshi. Sala huhamia kwenye chai ya saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa na mswaki mdomoni. Mungu hana shida na mswaki. Na msichana anayetusaidia sasa huketi nasi. Juma la kwanza alikataa, akasema kwa tajiri wake wa zamani haikuwa hivyo. Mke wangu akamwambia hapa hapakuwa hivyo pia.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kidogo, maana tabia ya mzee wa kanisa haiishi mara moja. Nilimshukuru Mungu kwa mikono iliyosonga ugali ule, nikaitaja, ya kulia na ya kushoto, nikaanza kupanda kuelekea kwa taifa na mvua za mashambani. Nikasikia "amina" moja kubwa ikinikata, kisha vicheko. Nilipofumbua macho, mama watoto alikuwa amekwisha kumega tonge. Kwa mkono ule mwingine alikuwa akinielekeza jikoni, kwenye sufuria ya ugali iliyolowekwa maji, ikinisubiri mimi na steelwool.